Ukingo wa Picha

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itamkuta wifi yangu ameshapona kile kikohozi alichonilalamikia kwenye simu, na watoto wamefikisha mwezi mzima bila kuvunja kitu cha jirani. Mama anakusalimu sana. Ameniagiza nikuulize kama bado unatoka asubuhi na chai tupu tumboni, na kama ni hivyo nikugombeze kwa niaba yake. Basi chukulia umeshagombezwa. Magoti yake yanamsumbua kukiwa na baridi, lakini ulimi wake hauna maradhi yoyote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Mimi mwili wangu mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu. Simu ya studio iko mezani kwa Bwana Cheka, na tajiri wangu huyo ana masikio. Tena kuna mambo ambayo ukianza kumweleza mtu kwenye simu anakukatiza katikati, na wewe kaka yangu nakujua kwa kukatiza. Barua huwezi kuikatiza. Nakuomba uisome mpaka mwisho. Ndani yake utakuta bahasha ndogo niliyoifunga kwa gundi, na hiyo usiifungue mpaka nikuambie. Najua ni sawa na kumwekea mtoto keki mezani na kumwambia asubiri, lakini jitahidi.

Jambo lenyewe ni la mdogo wetu na yule fundi wa vyerehani. Unajua walivyokutana: cherehani chake kiligoma, fundi akaja kukitengeneza, kikapona, halafu fundi akaendelea kuja kukikagua kila wiki. Mama ndiye aliyegundua kwanza kwamba kinachokaguliwa si cherehani. Fundi alipoleta posa, mama alimpokea vizuri, akasema ni mtu asiye na makuu. Lakini tangu baba afariki neno la mwisho la nyumba hii ni lako, na wewe ulisema hutalitoa kabla hujamwona. Likizo ukanyimwa. Hapo ndipo ukaja na lile wazo la picha.

Nakumbuka ulivyosema. Ulisema nyuso ndiyo kazi yako, kwamba mchana kutwa unakaa nyuma ya dirisha la mpakani, unashika pasipoti, unaitazama picha, unamtazama mtu, na kabla hajafungua mdomo umeshajua kama ni mkweli. Ukaniambia nimpige picha moja kubwa, isiyo na mapambo, niitume, na utamsoma mwenyewe. Mimi nilifurahi. Nilijiona kwa mara ya kwanza kazi yangu imeheshimiwa katika familia hii, ambayo siku zote huniuliza lini nitapata kazi.

Kisha ukapiga tena, asubuhi ileile ambayo fundi alikuwa anakuja kupigwa hiyo picha. Uliniambia nisogee mbali na watu, kana kwamba simu yetu ya waya inaweza kutembea. Ukanieleza kwamba mama mmoja mfanyabiashara aliyepita dirishani kwako anatoka mtaa aliokuwa akikaa fundi, na kwamba ulipomdadisi akakumwagia yote. Fundi alishawahi kuoa. Mke wake alianguka ngazini akafa. Na mtaa mzima, alivyosema mama huyo, unajua kwamba hakuanguka bali alisukumwa, na siku ya mazishi mumewe alisimama pale kaburini mkavu, hakutoa hata chozi moja. Hayo ya kuoa na kufiwa tulikuwa tunayajua, maana fundi mwenyewe alituambia siku ya kwanza. Ya kusukuma ndiyo yaliyokuwa mapya. Ukanitaka nisimwambie mama wala mdogo wetu mpaka tuwe na hakika, na hakika hiyo ukasema utaitoa kwenye picha.

Kaka, mimi na wewe hatuna haja ya kuelezana kwa nini maneno yale yalituingia mpaka kwenye mifupa. Mdogo wetu alikuwa bado anabebwa mgongoni, hakumbuki kitu. Kwake yeye baba ni ile picha ya ukutani na watu wanaosema alikuwa mchapakazi. Sisi tunakumbuka alivyokuwa anauliza. Alikuwa anamuuliza mama swali, taratibu kabisa, kidevu kakiinua, midomo kaibana, huku mkanda uko mkononi tayari. Jibu lilikuwa halina kazi yoyote. Tulikaa chini ya meza ile mimi na wewe, ukanifunga mdomo kwa kiganja chako, na baada ya hapo tukaapa kwamba hakuna mwanaume wa aina ile atakayemgusa mdogo wetu. Mimi kiapo kile sijawahi kukisahau, na najua na wewe hujakisahau.

Basi fundi akaja. Studio yetu unaifahamu: pazia la kijivu, kiti cha mbao, taa mbili kwenye miguu yake, na ubavuni mwa kiti kile kioo kirefu ambacho wateja hujitazama na kuchana nywele. Siku zote nikimpiga mtu picha huanza kwa maneno. Namuuliza habari za kazi, namchekesha kidogo kwa kumwonyesha Bwana Cheka, ambaye amepewa jina hilo na mtaa mzima kwa sababu hakuna aliyewahi kuona meno yake, na huku ndiye anayewaamuru watu watabasamu. Mteja akicheka anasahau mikono yake iko wapi, na hapo ndipo nafanya kazi. Naweka taa zote mbili, moja huku, moja kule, ili uso usipate kivuli cha kuonea.

Siku ile sikufanya hata moja kati ya hayo. Niliwasha taa moja tu, nikaisogeza pembeni kabisa. Nikaondoa mto wa kitini. Fundi alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, ukosi umekunjika vibaya upande wa kushoto, na kwa mteja mwingine yeyote ningeunyoosha kwa mkono wangu. Niliuacha. Nikamwambia asicheke kwa sababu picha inakwenda kwa mkubwa wa familia na mkubwa wa familia ni mtu wa serikali. Akakaa. Akasema yeye amezoea kufungua mashine, hajazoea mashine inayomfungua yeye. Ulikuwa utani mzuri, nakiri, na ulisemwa na mtu mwenye hofu anayejaribu kuwa mwema. Sikucheka.

Kamera yetu kubwa hukaa kwenye miguu mitatu. Ukishaipima, unasimama kando yake na kubonyeza kitufe kilichofungwa kwenye waya, macho yako yakiwa kwa mteja. Nikasimama hivyo, waya mkononi, nikasubiri. Alipotabasamu kidogo sikubonyeza. Alipoinama kutazama grisi iliyobaki kwenye kucha zake akaona haya, sikubonyeza. Aliponiuliza kama mdogo wetu atapita hapo studio, macho yakamlainika, mkono wangu haukutikisika. Kila alipofanana na mtu wa kawaida niliona ananidanganya, na kila alipokaza uso niliona ukweli unachungulia, nikabonyeza. Mwishoni ukaja uso wenyewe niliokuwa nausubiri. Ulikujaje, nitafika huko. Taya lilikaza, macho yakazama ndani, vidole vikafungana juu ya magoti mpaka vikawa vyeupe. Nikabonyeza, nikamwambia tumemaliza.

Niliisafisha mwenyewe. Nikaikuza, nikaikata kingo ili abaki yeye tu, na ilipokauka mwili ulinisisimka. Nilisema moyoni, huyu hapa.

Nilikuwa niitume siku ileile, lakini mama akataka kuiona kwanza. Akaipeleka dirishani, akaitazama, kisha akaigeuza juu ya meza uso ukaangalia chini, akaiwekea bakuli la sukari. Akauliza tangu lini kijana yule anatazama watu hivyo. Baadaye, akikunja nguo, akasema labda jambo hili lisiharakishwe, labda tungojee kwanza. Sasa fikiria kaka: mama alikuwa hajui lolote la ngazi. Mimi nikalichukua hilo kama ushahidi. Nikakupigia, nikakwambia mama kaona mwenyewe bila kuambiwa, na wewe ukasema ulijua tu, ukasema picha haina haja ya kukufikia tena, posa irudishwe. Tulikuwa watu watatu wenye hakika, na hakika ya wote watatu ilitoka kwenye kipande kimoja cha karatasi nilichokitengeneza mimi.

Mdogo wetu aliporudi kutoka kazini, vipande vya uzi viko kwenye nywele kama kawaida yake, aliinua bakuli atie sukari kwenye chai. Akaichukua picha, akaigeuza. Akauliza huyu ni nani.

Hakuwa anatania. Nilimtazama usoni na alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia ni fundi wako. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, halafu akaiacha, akanitazama mimi, na kuniuliza nimemfanya nini. Sikia vizuri kaka, hakuuliza fundi amefanya nini. Nikamjibu kwamba kamera haidanganyi, maneno ambayo sisi wapiga picha huyasema tunapokuwa tumeishiwa. Mama akaingilia, akasema tungoje kidogo, na mdogo wetu si mjinga, akaelewa kwamba kuna neno limepita na yeye hakuambiwa. Chai ile hakuinywa.

Tangu hapo nyumba haikaliki. Amekunja nguo zake ndani ya kifuniko cha cherehani, kiko pale mlangoni wima, na kila anayeingia anakipita. Ametangaza kwamba atalisubiri neno lako kwa heshima yako, na kama neno lako ni hapana ataondoka bila baraka yetu na hatutamwona tena mlango huu. Wewe unamjua, akisema hatutamwona hatutamwona. Na mimi hasemi nami. Akitaka nipishe njia anamwambia mama amwambie huyo apishe. Mama anageuka na kuniambia nipishe, wakati wote tumesimama katika chumba kisichotosha kugeuza mkeka. Ningecheka kama lisingekuwa langu.

Fundi naye alionyeshwa picha, maana mdogo wetu alimpelekea. Nasikia aliitazama, akamrudishia, na akasema kwa upole kwamba hatakanyaga tena kwetu mpaka tumwambie tumesikia nini. Hakukasirika. Hilo ndilo lililoanza kunila. Nilimngoja akasirike, nilimhitaji akasirike, na yeye akaendelea na kazi zake tu.

Kwa hiyo nikaenda mtaa ule. Nisikufiche, sikwenda kumsafisha. Nilikwenda kutafuta mtu wa kuniambia ndiyo, alimsukuma, ili nirudi nimtupie mdogo wetu maneno hayo mezani na yaishe. Niliuliza, nikaelekezwa nyumba ya ghorofa walimoishi fundi na mkewe, ambamo sasa anaishi mama mzazi wa marehemu, na nikazipanda ngazi zile mwenyewe. Ni za saruji, kingo zimelika, na hazina pa kushika upande mmoja. Nilizipanda roho mkononi.

Yule mama alipojua mimi ni nani alinivuta ndani kabla sijamaliza salamu. Ukutani kulikuwa na picha ya fundi. Nyumbani kwa mama wa mwanamke anayesemwa alimuua, kaka, juu ya kabati, mahali pa heshima. Aliipiga marehemu mwenyewe kwa kamera ya kuazima. Kwa macho ya mpiga picha ni picha mbovu: imetikisika, kichwa kimekatwa juu, kidole cha mpigaji kimeziba kona. Fundi anacheka ndani yake mpaka macho yamepotea. Nilimtambua mara moja. Alikuwa yule aliyeniambia hajazoea mashine inayomfungua.

Lakini nimeshaogopa picha, kwa hiyo na hiyo sikuiamini. Nilijiambia marehemu alimpenda, akasubiri acheke ndipo abonyeze, kama mimi nilivyosubiri akunje uso. Nikaiacha picha ukutani nikamuuliza mama yule habari za siku yenyewe.

Alinieleza bila kuzunguka. Binti yake alikuwa na kifafa tangu utoto. Siku ile mama alikuwepo mlemle ndani, amekuja kuwatembelea. Binti alitoka na ndoo ya nguo akaanike chini. Mama akasikia ndoo kwanza, inagonga ngazi moja baada ya nyingine, na mpaka alipofika mlangoni mwanawe alikuwa ameshafika chini. Fundi hakuwepo. Alikuwa kazini, katika karakana ya ushonaji, amelala chini ya meza ya mashine. Habari ilipofika, mafundi wenzake wawili waliacha kazi wakamkimbilia kumwambia. Alirudi mbio, akapita katikati ya majirani akafika penye ngazi zile na bisibisi ingali mkononi, na wale waliotoka nje wakati huo ndicho walichokiona: mwanaume, chuma mkononi, uso ule, na mwanamke chini. Yaliyobaki walijazia wenyewe.

Nikamuuliza kuhusu uso. Mama yule akanitazama kwa huruma, akasema mkwe wake akiogopa au akiumia uso wake hufunga kama duka, na asiyemjua hudhani ana hasira. Akasema marehemu alikuwa akimtania kwa hilo, anagonga kifuani pake na kuuliza kama wamefungua. Pale kaburini, akasema, yeye ndiye aliyekuwa amemshika mkono, na mkono ule ulikuwa unatetemeka muda wote. Kisha akaniuliza kama na mimi nimewahi kuuona uso huo. Niliomba maji.

Nilipitia karakana pia, kwa sababu mimi ni mtoto wa nyumba yetu na siamini mtu mmoja. Msimamizi alinisimulia yaleyale, mpaka na bisibisi.

Nikarudi studio. Bwana Cheka alikuwa amejifungia kwenye chumba cha giza, na alipotoka alikuwa na karatasi aliyochapia filamu nzima ya fundi, picha ndogondogo zote pamoja. Akaniwekea mbele. Akasema ameifanya kazi hii tangu sijazaliwa na hajawahi kuona filamu nzima yenye uso mmoja, maana hata maiti hubadilika kidogo. Akasema mimi sikuwa napiga picha, nilikuwa navizia. Halafu akanipa picha nyingine, ileile iliyomtisha mama, ila ameichapa yote kama ilivyo kwenye filamu, bila kuikata. Akasema kuna kitu pembeni ambacho huenda sikukiona nilipokuwa na mkasi. Akaniacha hapo akaenda kupika chai.

Sasa fungua bahasha, kaka.

Katikati ni fundi. Mtazame, lakini usikawie kwake. Angalia ukingo wa kulia, kwenye kile kioo cha wateja. Aliyesimama mle, waya mkononi, ni mimi. Tazama kidevu. Tazama midomo. Najua umeshaona, kwa sababu mimi nilimwona kabla sijajua kwamba ni mimi, na nilirudi nyuma hatua nzima.

Na sasa nikwambie uso wa fundi ulikujaje, maana hili sijamwambia mtu. Filamu ilikuwa inakaribia kuisha na nilikuwa bado sijampata yule niliyemtaka. Basi nikamuuliza. Nilimuuliza taratibu kabisa kama ile nyumba aliyoishi na marehemu ilikuwa na ngazi. Hapohapo nikabonyeza.

Ndiyo picha niliyoikuza. Ndiyo iliyokaa chini ya bakuli la sukari. Huo uso tulioona ni wa muuaji ni uso wa mtu aliyetajiwa ngazi alizofia mkewe, na aliyemtajia ni dada wa mwanamke anayetaka kumuoa, naye anamtazama kama unavyoona hapo kwenye kioo. Niliuliza swali huku nimeshaamua, kaka. Kilichokosekana mkononi mwangu ni mkanda tu, na waya ule ulifanya kazi yake.

Mama nilimwonyesha jana. Nilimweleza yote: simu yako, ngazi, kifafa, bisibisi. Akavaa miwani, akaishika picha kwa mikono miwili. Nilidhani atamtazama fundi. Kidole chake kilimpita fundi kikaenda moja kwa moja kwenye kioo, kikakaa pale. Kisha akasema sasa anaelewa kijana wa watu alikuwa anamwangalia nani. Akaniambia niende kulala, ingawa kulikuwa bado kweupe. Sijawahi kuumizwa na neno kama lile, na halikuwa hata neno la hasira.

Nimekwenda kumwomba fundi radhi. Nilimkuta ameinamia mashine, akaniachia kigoda chake akasimama yeye. Nilimwambia tuliyoyasikia na tulivyoyaamini. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umefungwa vilevile, na safari hii nilitazama mikono badala yake. Chupa ya mafuta ilikuwa inatikisika. Akasema angekuwa na dada na akaambiwa habari ile, na yeye pia angetafuta taa akammulike mtu. Akasema kumbe angalau tunampenda mdogo wetu. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mdogo wetu kwamba nilimtajia ngazi. Akasema lile lilikuwa langu la kusema, na kwamba hakutaka kumwachanisha mtu na dada yake kabla yeye mwenyewe hajaingia hata mlangoni.

Huyo ndiye mtu tuliyetaka kumkataa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Usimsome tena fundi kwenye picha, hata hii, hata nyingine nitakayompiga vizuri. Ukitaka kumjua, omba likizo mpaka wakupe, uje, ukae naye, umuulize unachotaka kumuuliza na usubiri jibu. Au tuma ridhaa yako sasa, kabla kile kifuniko cha cherehani hakijatoka mlangoni. Lakini usinitumie mimi tena kumtazamia mtu. Na kaka, usinichukie nikisema hili: siku ile kwenye simu, uliponiambia tuwe na hakika, ile sauti yako ya taratibu niliijua. Jioni ukishafunga dirisha lako na nje kumeingia giza, taa ya ndani ikiwa bado inawaka, utajiona kwenye kile kioo chako. Shika hii picha kando ya uso wako ufanye kazi yako ya kulinganisha. Nafanya hivyo kila asubuhi kwenye kioo cha studio, kabla mteja wa kwanza hajaingia.

Nikitoka posta naenda moja kwa moja kwa mdogo wetu. Nitamweleza la ngazi kwa mdomo wangu. Huenda hatanisamehe. Huenda atamwomba mama aniambie nipishe, na safari hii nitakuwa nimestahili. Naogopa, kaka, tangu chini ya ile meza sijaogopa hivi, na wewe hupo wa kunifunga mdomo. Labda ni afadhali.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na mwambie yule mkubwa kwamba picha yake aliyonitumia ya paka nimeibandika studio na wateja wanaisifu kuliko zangu. Mama anasema kula kitu asubuhi. Mungu akulinde, akulete salama.

Mimi mdogo wako, uliyeniita Jicho.